Masinga, Shule ya Kumwokoa Mwenzako

Tulitoka Machakos mjini alfajiri, kayaki zimefungwa juu ya pikapu. Tulipoishika barabara ya Thika–Garissa tulisimama Matuu kununua maembe na maji ya kunywa, na tulipofika Kangonde tukakata kushoto kuelekea upande wa Embu. Nchi hiyo ni ya migunga, mawe na vumbi. Kisha, nyuma ya vilima, Bwawa la Masinga likafunguka mbele yetu.

Bwawa hili la Mto Tana lilikamilika mwaka 1981, nalo ndilo ghala la maji la vituo vya umeme vilivyo chini yake: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Likijaa hutanda takriban kilomita za mraba 120. Upepo ukipata uwanja mpana namna hiyo huinua mawimbi ya kumpindua mtu, ndiyo maana tulibeba kayaki za baharini, ndefu na nyembamba, zenye vyumba vya hewa vilivyozibwa omo na tezi.

Kocha wetu, mzaliwa wa Kilifi, alikataa katakata tujipindue bwawani kwa mazoezi. "Humu mna viboko na mamba, ndugu zangu," alisema. "Mazoezi tutafanyia kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, mpaka mikono ijue kazi bila kuuliza kichwa."

Tukaanza. Aliyepinduka huvuta kitanzi cha sketi inayozuia maji, hutoka, kisha hushika kayaki yake na kasia bila kuviachia, kwa kuwa chombo huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Mwokoaji huja upesi kwenye omo ya chombo kilichopinduka, akakikabili ili viwili vikae kama herufi T. Huinyanyua omo na kuivuta juu ya kayaki yake, ingali kifudifudi, maji yakamwagika kutoka kwenye tundu la kukalia. Kisha huigeuza, huirudisha majini na kuilaza ubavuni mwake, omo ya moja ikielekea tezi ya nyingine, akaikumbatia kwa uzito wake wote. Hapo vyombo viwili huwa jukwaa moja thabiti. Aliye majini hupiga miguu kwa nguvu, hupanda kwa tumbo nyuma ya tundu uso ukielekea tezi, huingiza miguu, hujigeuza taratibu upande wa mwokoaji na kuketi. Mwokoaji haachii mpaka mwenziwe aseme yuko tayari.

Kwa aliyechoka au kuumia kuna njia nyingine: kayaki hulazwa ubavu, tundu likajaa maji, mtu akatelezeshwa ndani, kisha mwokoaji akaisimamisha. Maji huvutwa baadaye kwa pampu ya mkono, maana mtu hutangulizwa, maji yakafuata.

Asubuhi iliyofuata tuliingia Bwawa la Masinga lenyewe, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea, tukikaa karibu kiasi cha kusikilizana. Tulipokuwa tukirudi upepo ukapanda. Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kangundo, wimbi likampiga ubavuni na kumpindua. Kocha alikuwa mbele, mbali. Kijana aliyekuwa jirani yake ndiye aliyefika. "Dada, shika chombo! Usikiachie!" Omo ikainuka, maji yakamwagika, akapanda. Kocha alipotufikia, mwalimu alikuwa ameketi, akivuta maji yaliyosalia.

Nilielewa pale kwa nini tulirudia zoezi lile mpaka mabega yakauma. Katika bahari za baridi, kinachomuua aliyepinduka aghalabu ni baridi; pwani yetu, mkondo humchukua; Masinga kuna wanyama wa kuogopwa. Hatari zinatofautiana, lakini zote hukua kadiri mtu anavyokawia majini, na katikati ya maji mapana chombo cha kwanza kukufikia ni cha mwenzako. Kwa hiyo ujuzi huu usiachwe kwa kocha peke yake. Kila kikundi kinachoshusha kayaki, iwe Masinga au Kilifi, kiwafundishe wote kuokoa kabla hakijawafundisha kwenda mbali, na anayeingia leo ajifunze leo.