KARABAI YA GIKOMBA

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Msomaji mpendwa, mimi sina ugomvi na wahenga, lakini leo nataka kukitetea kikuukuu. Nataka kukusimulia jinsi karabai iliyotupwa katika rundo la vyuma huko Gikomba ilivyokuja kushika riziki ya nyumba yetu.

Kwanza tuelewane. Karabai ni ile taa ya mafuta ya taa yenye kupigwa pampu. Wengi wetu tuliozaliwa juzi tumeiona pichani tu, lakini waulize wazee. Watakwambia ilivyong'ara arusini na matangani, na jinsi wavuvi wa Ziwa Victoria walivyoibeba usiku kuwavuta omena juu ya maji.

Mama yangu huuza samaki wa kukaanga kando ya barabara hapa Jericho. Biashara yenyewe huanza watu wanaposhuka kwenye matatu jioni, na huendelea mpaka saa tatu usiku. Kwa miaka mingi alikuwa akivutiwa waya wa stima kutoka duka moja lililo karibu, naye akilipa kidogo kila wiki. Duka likapata mpangaji mwingine, waya ukakatwa. Tukanunua taa ya sola. Kabla mwezi haujaisha, jamaa mmoja akapita mbio, akaing'oa na kutokomea nayo vichochoroni. Mama akabaki na koroboi.

Sasa nikuulize, ni nani atakayenunua samaki ambaye hawezi kumwona jicho? Wateja walikuwa wakipinda shingo, wakigeuza samaki huku na huku, kisha wakasema, "Mama, nitarudi." Hawakurudi. Samaki ndio waliorudi nyumbani, tukawa tunawala wenyewe. Siku ya kwanza dada yangu mdogo alifurahi. Siku ya nne hata yeye alielewa kwamba tulikuwa tunatafuna karo zetu, miiba na vyote. Mama alianza kusema kwa sauti ya chini kwamba huenda mmoja wetu akakaa nyumbani muhula mmoja. Hakusema ni nani. Sote tulimsikia.

Ni nyanya aliyetufumbua macho alipokuja kututembelea. "Nyinyi mnahangaika na vitaa vya kuibiwa," alisema. "Tafuteni karabai. Karabai ikiwa inawaka, mwizi ataishika wapi? Si ataungua vidole?" Tulicheka sana, lakini maneno yake yalinikaa kichwani.

Jumamosi iliyofuata nilichukua akiba yangu, shilingi 900 nilizopata kwa kuosha magari likizoni, nikashika Jogoo Road kwa miguu mpaka Burma, kisha nikaingia Gikomba. Wasiolijua soko hilo hudhani ni mitumba pekee. La hasha! Huko utapata misumeno, pasi za makaa, baiskeli zisizo na magurudumu na magurudumu yasiyo na baiskeli. Nilizunguka hadi jua likawa utosini. Hatimaye nikaiona, imelala chini ya feni iliyokufa. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri, kioo hakuna, lakini nilipoisugua kwa kidole shaba ikang'aa. Kwenye tangi palikuwa na jina Petromax.

"Hiyo ni orijino, ya Wajerumani," muuzaji alisema. "Elfu moja tu."

"Mzee, hii haina kioo, na pampu imekauka."

"Kijana wangu, ingekuwa na kioo ungeiweza bei?"

Tulivutana weee, mpaka akakubali shilingi 450. Nilipoondoka nilimsikia akimwambia mwenzake, "Leo nimeuza hata kutu." Sikujali.

Muuzaji hakudanganya kuhusu Wajerumani. Taa hizo zilianza kutengenezwa Berlin na kampuni ya Ehrich & Graetz karibu mwaka 1910. Jina lake linaunganisha neno petroleum na Max, yaani Max Graetz aliyeziunda.

Kutoka hapo nilivuka mto hadi Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Ukifika Kamukunji masikio yako hayatakuwa yako tena: ni nyundo juu ya nyundo, mabati yakigeuzwa masanduku, karai na majiko. Mafundi hawa walifanya kazi juani miaka mingi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea, baadaye wakajengewa vibanda. Jina jua kali limebaki hata kwa aliye kivulini.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni stovu za pampu. Aliitazama karabai yangu kama daktari, kisha akanipa kigoda. "Keti uone. Usipoona leo, kesho utarudi na pesa nyingine."

Alianza na pampu. Akaichomoa fimbo yake, na mwishoni palikuwa na washa ya ngozi, mfano wa kikombe kidogo, ngumu kama biskuti. "Hapa ndipo penye roho," alisema. Ngozi ikiwa laini, ukisukuma hutanuka na kubana upepo usitoroke. Ikikauka, utapampu mpaka Krismasi. Alikata ngozi mpya, akailoweka mafutani, akaitia umbo kwa dole gumba. Akaniambia kwamba pampu ya baiskeli, stovu na hata bunduki ya upepo ya zamani, vyote hutegemea ujanja huo huo: banisha upepo, kisha uuachie pale unapotaka.

Halafu akalizamisha tangi katika karai la maji na kupiga pampu. Mapovu yakatoka kwenye mshono mmoja. Kabla ya kuweka lehemu aliliosha na kulijaza maji, kwa sababu mvuke wa mafuta uliosalia ndani ukikutana na moto ni bomu. Mwisho akakwangua masizi ndani ya mrija na kuzibua tundu lake kwa sindano nyembamba. Nilimlipa shilingi 250. Shilingi 200 zilizobaki zikanunua kioo kikuukuu na kile kifuko kinachofanana na soksi ya mtoto mchanga.

Kifuko hicho ndicho maajabu yenyewe. Kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria katika miaka ya 1880. Ukikiwasha mara ya kwanza, uzi huungua wote na kubaki majivu yenye umbo lile lile. Ni majivu hayo yanayotoa mwanga mweupe. Ukiyagusa, kwaheri!

Jumatatu jioni tuliiwasha. Spiriti kwanza, ili mrija upate moto na mafuta yageuke mvuke; kisha pampu, pole pole. Ikavuma shhhh, halafu mwanga ukatoka, mweupe pe, hadi watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Samaki waling'aa kama waliotoka ziwani dakika hiyo hiyo. Kufikia saa mbili na nusu karai lilikuwa tupu.

Sisemi kwamba karabai ni bora kuliko sola. Mafuta ya taa ni ghali. Mwaka 2018 yaliongezewa ada ya shilingi 18 kwa lita, na Oktoba 2023 bei ilipita shilingi 200 hapa Nairobi. Mama hupiga hesabu kila usiku: chini ya nusu lita kwa samaki wote. Siku ambayo hesabu itakataa, tutatafuta njia nyingine. Juzi bwana mmoja alitaka kumpa shilingi 4,000 ili akaiweke hotelini kama pambo. Mama alimjibu, "Baba, ukiipeleka ikalale hotelini, watoto hawa watalala wapi na vitabu vyao?" Bwana yule akanunua samaki wawili.

Wanachama wenzangu, ukikutana na karabai, kumbuka haya: usitie petroli hata tone, usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, na uachie upepo kabla ya kufungua kifuniko. Na ukipita Kamukunji usizibe masikio. Keti kwenye kigoda uangalie. Mimi na dada yangu tumelipiwa karo muhula huu, na aliyetulipia kwanza ni kipande cha ngozi kisichozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 20.