Kumbe mwizi wa intaneti si dogo wa uani!

Leo tuongelee kitu kilichovunja urafiki wa wapangaji wengi hapa mjini: intaneti ya kuchangia.

Nyumba ninayokaa Sinza tuko wapangaji sita. Kila mwezi tunachanga, ruta moja iko koridoni, kila mtu anajilia vyake. Jioni ikifika, balaa. Picha zinaganda, mwenye kikao cha kazi anapiga kelele, "Jamani mnanisikia?" Lawama zote zikamwangukia dogo mmoja wa chuo anayekaa chumba cha mwisho uani, mwenye simu ya kizamani. Simu yake ikizimwa, intaneti inakimbia. Ikiwashwa, tunalia. Wenzangu wakasema huyo ndiye anayemaliza bando, atolewe kwenye mchango. Na dogo masomo yake yote anayategemea hapo hapo!

Mimi kompyuta ndiyo kazi yangu, nikaomba wiki moja ya kuchunguza. Ebo! Dogo ndiye aliyetumia kidogo kuliko wote.

Sasa inakuwaje? Fikiria foleni ya bombani. Sheria ni ndoo moja kwa zamu. Mwenye mpira mnene anajaza dakika moja, mwenye mpira mwembamba kama mrija wa soda anajaza robo saa. Ndoo ni sawa, muda si sawa, na nyote mnaishia kwenda kwa mwendo wa yule wa mrija. Wi-Fi nayo ni hivyo. Hewa ni moja, na kwenye chaneli moja anaongea mmoja kwa wakati. Simu iliyo mbali, nyuma ya kuta, inapokea na kutuma polepole, hivyo zamu yake inakuwa ndefu. Watafiti wa Ufaransa waliueleza ugonjwa huu tangu mwaka 2003.

Dawa ilitoka kwa mwanafunzi, bwana. Toke Høiland-Jørgensen, wakati huo akisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, yeye na wenzake walitoa kazi yao mwaka 2017. Wazo lao: ruta isihesabu ndoo, igawe muda wa kukaa bombani. Waliiandika ndani ya Linux, programu huria ambayo kila mtu anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Kwenye majaribio yao, ucheleweshaji wakati wa msongamano ulishuka hadi karibu sehemu moja ya kumi.

Hapa kwetu tulitafuta ruta ya mtumba inayokubali OpenWrt, programu huria ya ruta yenye dawa hiyo. Simu ya dogo bado inajikongoja, lakini haimburuzi mtu. Mchango umebaki wa watu sita.

Sasa wewe uliye chuoni na unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, acha kunakili mfumo wa maktaba ulioandikwa na kaka zako miaka kumi iliyopita. Chukua hii. Linux tayari inaweza kuhesabu muda wa hewani wa kila kifaa. Tengeneza ukurasa kwenye OpenWrt unaouonyesha kwa Kiswahili cha mpangaji wa kawaida, ugomvi uishe. Au ifundishe ruta kupunguza nguvu ya mawimbi kwa simu iliyo karibu. Wa meza moja humpigii kelele, au sivyo? Au pima mgawo wa muda kwenye ruta za aina mbalimbali, maana si kila chipu inaukubali.

Na dili lipo. Tangu mwaka 2005 Google ina mpango wa Summer of Code, unaowalipa vijana kuandika programu huria wakiongozwa na wazoefu. Tangu 2022 hata asiye mwanafunzi anaruhusiwa, bora awe amefikisha miaka 18 na bado ni mgeni wa kazi hiyo. Freifunk ya Ujerumani, jumuiya ya mitandao ya Wi-Fi ya wananchi, imeshiriki mara nyingi kusimamia miradi ya namna hii.

Dogo wa uani nimeshamwambia. Ameanza na ule ukurasa wa Kiswahili, tena kwa hasira! Na wewe je? Tukutane wiki ijayo.