Kibanda cha Fundi Andrew

Safari yangu ya kwanza kwenda Greeneville, mashariki mwa jimbo la Tennessee, niliifunga kwa ajili ya nyumba moja tu: kibanda cha mbao ambamo Andrew Johnson alishona nguo kabla hajawa mbunge, na miaka mingi kabla hajawa rais wa Marekani. Kutoka Knoxville ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, milima ikikuandama mkono wa kulia.

Kibanda chenyewe hukioni ukiwa barabarani. Mwaka 1923 serikali ya jimbo ilijenga jengo la matofali kukifunika, kwa hiyo unaingia mlango mmoja ndipo unakutana na mwingine, wa mbao zilizochakaa, wenye kibao cha jina la fundi juu yake. Ndani ni chumba kimoja. Nilisimama pale kizingitini muda mrefu.

Mtu huyu hakusoma shule hata siku moja. Alizaliwa Raleigh, North Carolina, mwaka 1808, akafiwa na baba akiwa na miaka mitatu, kisha mama yake akamweka kwa fundi ajifunze kushona. Mwaka 1824 akatoroka. Fundi akatangaza gazetini zawadi ya dola 10 kwa atakayemrudisha. Miaka miwili baadaye alivuka milima hii na mama yake na baba wa kambo, wakaweka makazi hapa. Mkewe, Eliza McCardle, ndiye aliyemnoa katika kuandika na hesabu. Sindano ikiwa mkononi, aliwalipa watu wamsomee hotuba kwa sauti, na wateja nao wakakifanya kibanda baraza la siasa. Akawa diwani mwaka 1829, meya 1834, na 1835 akaingia Bunge la jimbo kule Nashville. Huko alipinga fedha za umma kwenda kwenye reli. Watu wa kwao, waliokuwa na kiu ya reli, wakamwangusha 1837, wakamrudisha 1839.

Hadi hapo moyo wangu ulikuwa upande wake. Lakini kijana yule aliyetangaziwa zawadi gazetini, alipopata uwezo, alinunua binadamu. Aliwaachia huru Agosti 1863. Na mwaka 1866, akiwa rais, alikataa kutia saini sheria ya kuwapa Weusi haki za uraia. Bunge likaipitisha bila yeye. Ngazi aliyoipanda hakutaka wengine waiguse, na hilo simsamehe.

Kituo cha wageni hukupa nafasi ya kupiga kura kuhusu kesi yake ya 1868: ana hatia au hana? Mashtaka yalihusu zaidi kumfukuza waziri wa vita, Edwin Stanton, na Seneti ilipungukiwa kura moja tu kumwondoa madarakani. Mimi nilimhukumu kwa lile la 1866. Nikapiga kura: ana hatia.