Fisi Aliyeitwa Shenzi



Juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya filamu, wala msishangae. Hapa Malampaka hatuna jumba la sinema, lakini vibanda umiza tunavyo, na vijana wetu hukaa humo saa nyingi kuliko wakaavyo katika mikutano ya jumuiya. Mzazi anayetaka kujua ni nani anayemsaidia kulea mwanawe hana budi kutazama kile anachokitazama mwanawe. Nasi tumetazama filamu mbili ambazo ulimwengu mzima ulizikimbilia: Black Panther ya mwaka 2018, na The Lion King ya mwaka 2019, ambayo ni katuni ya mwaka 1994 iliyotengenezwa upya. Kila moja iliingiza zaidi ya dola bilioni moja za Marekani.

Filamu hizi zinafanana kwa mengi. Zote zinasimulia ufalme wa Afrika, mfalme aliyefariki, mwana anayepaswa kurithi, ndugu wa damu anayetwaa kiti, na wahenga wanaosema na walio hai. Msukuma hahitaji mwalimu wa kumfafanulia mambo hayo. Zaidi ya hayo, filamu ya simba imejaa maneno yetu: Simba mwenyewe, Rafiki, Pumbaa. Na mbuga za Serengeti, zinazofanana na nchi ile, ni jirani zetu.

Zinapoachana ni pale zinapomtazama adui.

Katika The Lion King, wanaotumwa kutenda uovu ni fisi. Hao huishi nje ya mpaka, katika makaburi ya tembo, na daima wana njaa. Kiongozi wao ni jike aitwaye Shenzi. Mtazamaji wa Marekani husikia jina tu. Sisi tunasikia tusi, tena tusi lenye historia. Ndilo neno ambalo waungwana wa pwani waliwaitia watu wa bara, yaani babu zetu, waliposhuka na misafara wakiwa wamebeba pembe za ndovu. Ni kweli kwamba fisi walipoingia katika ufalme nchi iliharibika. Lakini hakuna anayeuliza kwa nini walikuwa na njaa tangu mwanzo. Scar anawavuta kwa kuwaahidi chakula, Simba anarudi na kushinda, mvua inanyesha, nyasi zinaota, na hadithi inafungwa kwa shangwe. Habari za fisi hatuzisikii tena.

Black Panther inakwenda njia nyingine. Adui wake, Erik, ni mtoto wa ukoo ule ule wa kifalme. Mwaka 1992, katika mji wa Oakland, mfalme T'Chaka anamwua ndugu yake mwenyewe, kisha anarudi Wakanda na kumwacha nyuma mtoto wa marehemu, peke yake. Mtoto yule anakua na uchungu, naye anarudi kama mharibifu. T'Challa anapigana naye na kumshinda, kwa kuwa maovu ya Erik ni maovu kweli. Lakini kabla ya pambano la mwisho anasimama mbele ya roho ya baba yake na kumwambia kwamba ilikuwa kosa kumwacha yule mtoto. Baada ya ushindi hafungi mipaka. Anarudi Oakland, mahali alipouawa baba yake Erik, kufungua kituo cha kuwasaidia watu wa pale. Kwa Erik msaada umechelewa, lakini kwa watoto wanaocheza uwanjani haujachelewa.

Kwa maoni yetu, hii ndiyo filamu iliyo bora. Ya kwanza inatufundisha kumshinda adui. Ya pili inatutaka pia tuulize alitoka wapi.

Jambo hili si la kibandani tu, kwa maana hapa Usukumani neno fisi si la mchezo. Wazee wetu walisimulia kwamba wachawi hufuga fisi na kuwapanda usiku. Mtoto akiugua au ng'ombe wakifa, macho ya watu huelekea kwenye nyumba ya bibi mmoja, mara nyingi mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote. Kwa miaka mingi vikongwe wa kanda hii wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo. Aliyekwisha kupewa jina la fisi haulizwi amekula nini, wala analala na nani wa kumpa maji.

Basi, wazazi, msiwafukuze vijana vibandani kwa fimbo tu. Waulizeni jioni: katika hadithi ile, ni nani aliyeachwa nje, na kwa nini? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo mbele ya skrini ataweza kuuliza hivyo hivyo siku kundi litakapokusanyika mlangoni kwa bibi wa jirani. Nanyi wanajumuiya, kabla ya Dominika ijayo, kila jumuiya imtembelee kikongwe mmoja anayeishi peke yake. Mchukulieni kuni kavu, na muketi naye kidogo.

Tunawatakia juma jema.