Kalamu Sita Katika Ubao Mmoja



Tulipokuwa Mombasa mwezi uliopita, ndugu wawili walituuliza baada ya sala ya alasiri ile kalamu ya mti iliyokuwa mfukoni mwa kanzu yetu tuliinunua duka gani. Tuliwajibu kwamba haikununuliwa. Ni kipande cha mathenge kilichotobolewa na kukerezwa, na tukaahidi kueleza hapa namna yake. Maelezo hayo hayatengani na kisa cha ubao mmoja, basi msomaji atuvumilie.

Wengi wenu mwajua kwamba sisi ni watu wa Amu, lakini huu ni mwaka wa tisa tunasomesha Sericho, katika kaunti ya Isiolo, karibu na kinamasi cha Lorian ambako maji ya Ewaso Ng'iro huishia. Ni nchi ya Waborana, watu wa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Chuo huku huitwa duksi, na hadi leo wapo watoto wanaoandika darasa zao juu ya ubao wa mti kwa wino wa makaa yaliyosagwa na gundi ya mgunga. Mtoto akishahifadhi, ubao huoshwa, akaandikiwa nyingine.

Mzee mmoja aliyesomesha kwa ubao wa namna hiyo alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mjane, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Mali ya mfugaji ni mifugo, na mifugo yake ilikwisha katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Kilichobaki chenye thamani machoni mwa wanawe kilikuwa ubao aliowasomeshea. Mkubwa aliutaka kwa kuwa ndiye mkubwa. Wa pili aliutaka kwa kuwa ndiye aliyemuuguza baba. Binti wa kwanza alisema mikono yake ndiyo iliyokuwa ikiuosha tangu utotoni. Walifikia kutosalimiana. Siku moja mjane alitujia na ubao umefungwa ndani ya leso, akasema, "Maalim, niamulie. Sitaki wanangu wazikane wangali hai kwa sababu ya mti."

Tuliwaita wote sita. Fungu la mke aliyeachwa na watoto ni thumni, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya binti, hayo yanajulikana. Lakini ubao haukatwi thumni ukabaki ubao, na kuuza hakuna mnunuzi. Warithi walikuwa watu wazima wenye akili zao, nao wakiridhiana wana ruhusa ya kusuluhishana kwa usawa. Ndipo tukasema, pengine kwa haraka, kwamba ubao ule waweza kutoa kalamu sita, kila mmoja akapata yake ya kuandikia. Walinyamaza, kisha wakakubali mmoja baada ya mwingine. Mkubwa alikuwa wa mwisho.

Tulisema hayo kabla ya kuupima. Tulipofungua leso nyumbani tuliona mchwa wametangulia. Ubao ulikuwa umeegemezwa miaka kadhaa kwenye ukuta wa udongo, na nusu ya chini ilikuwa ganda tupu; ukibonyeza kwa kidole gumba kinazama. Sehemu iliyo nzima ilikuwa na urefu wa sentimita 25, upana wa sentimita 6 na kidogo, na unene wa milimita 18. Kalamu tunazotengeneza zina mirija miwili ya shaba ambayo mti huvishwa juu yake, kila mrija milimita 53 kwa urefu na 7 kwa kipenyo. Kipande cha mti lazima kizidi mrija kidogo ili ncha zake zisawazishwe baadaye, na msumeno nao unakula haki yake katika kila mkato. Tulipiga hesabu usiku ule: fito tatu kwa upana, vipande vinne kwa kila ufito. Kumi na viwili kamili. Hakikubaki hata kimoja cha kuharibu.

Kabla ya msumeno palikuwa na swali jingine. Je, ubao ulioandikwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu miaka yote hiyo wakatwa kama kuni? Tulishauriana na shekhe mwenzetu wa Amu kwa simu. Tulichokubaliana ni kwamba heshima ni ya maandishi, nayo huoshwa kwa adabu. Mti ukishatakasika ni mti, na kuugeuza kalamu si kuudhalilisha. Tuliuosha mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya tatu yakawa kama chai ya rangi hafifu, na yote tuliyamwaga shinani mwa mwarobaini ulio uani. Hata unga wa msumeno tuliukusanya tukaufukia.

Ufundi huu tuliupata kwa ami yetu aliyekuwa seremala Amu. Yeye alitoboa kwa keke ya uta, ile inayozungushwa kwa kamba, na hatujasahau neno lake kwamba keke haina macho, macho ni ya anayeishika. Sisi tuna keke ya mkono na jiriwa ndogo iliyofungwa kwenye meza. Lakini kwa kuwa hatukuwa na kipande cha ziada, tulijizoeza kwanza kwa miti mingine kwa majuma matatu, na hapa ndipo tulipojifunza mambo ambayo pwani tusingeyajua.

Tulianza na vipande vya mbambakofi tulivyokuja navyo kutoka Amu, vizuri, vilivyonyooka, vilivyokaa dukani kwa fundi mwaka mzima. Baada ya siku kumi za Sericho vilikuwa na nyufa nchani. Mti uliokauka penye hewa ya bahari haujakauka; una maji uliyoyazoea, na hewa ya huku huyanyonya kwanza kupitia nchani, mahali nyuzi zinapokatikia. Tangu hapo mti wowote unaotoka pwani tunaupaka nta ncha zote mbili na kuuweka kivulini miezi kabla ya kuugusa. Mpingo ni mzuri kwa macho lakini mgumu, hupata moto upesi ukitobolewa, na moto huo ndio unaoupasua. Mwarobaini ni mpole kwa mwanagenzi. Uliotushangaza ni mathenge. Mti huu uliletwa nchini kuzuia jangwa, ukageuka adui wa malisho. Miiba yake hutoboa kwato na matairi, na hakuna mfugaji anayeutaja kwa wema. Hata hivyo gogo lake likikauka halipindi wala halipasuki ovyo, na rangi yake ni kama ya tende. Ile kalamu ya mfukoni ni ya mathenge. Tunawapa watoto wa chuo msumeno wakate fito, na wafugaji hushukuru hata kama hawataki kalamu.

Katika kuchagua kipande, tazama nyuzi. Zikienda sambamba na ubavu wa kipande, keke itafuata njia. Zikikata mshazari, ncha ya keke huzifuata hizo ikatokea ubavuni. Epuka kiini cha katikati ya mti na epuka fundo, maana keke hukwepa penye ugumu. Kisha lowanisha ncha kwa kidole chenye maji na usubiri. Penye ufa ambao jicho halikuuona, maji hubaki kama mstari mweusi wakati pengine pote pamekauka.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya subira ndogo ndogo. Chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Inapokutana, gonga kwa msumari ili keke ipate pa kuketi. Kaza kipande kwenye jiriwa kikiwa wima, simama mbele yake, kisha mtu mwingine asimame ubavuni akuambie kama keke imelala, kwa kuwa unayezungusha huoni upande mmoja. Ingia urefu wa ukucha, toa, futa unga, ingia tena. Unga ukijaa tunduni hauna pa kwenda, hukaza, huleta joto. Na ukikaribia kutokea upande wa pili, punguza mkono kabisa na uweke chini yake kipande kingine cha mti, la sivyo keke itang'oa vibanzi inapotoka.

Vipande kumi na kimoja vya ubao wa maalim vilitoka salama. Cha kumi na mbili tulikishika jua likikaribia kuchwa. Hatukukilowanisha. Upande wake mmoja ulikuwa mweusi kwa wino wa zamani ulioingia ndani ya mti, na tulijiambia kwamba wenzake wote walikuwa wazima. Mwanafunzi aliyesimama ubavuni alisema, "Maalim, tusali kwanza." Tukamwambia ni kidogo tu kilichobaki. Kipande kilipasuka kwa mlio mdogo, kama wa ganda la njugu, kutoka juu hadi chini.

Hatukulala vizuri usiku huo. Asubuhi tulivibana vipande viwili vya ufa kuuzunguka mrija wa shaba, tukajaza gundi kali na unga wa mti ule ule, tukafunga uzi, tukaacha siku tatu. Ulishika. Safari ya Mombasa ilikuwa kwa ajili hiyo: mtoto wa ami yetu ana kerezo huko, naye alizikereza zote sita bila ya kuuliza ufa ulitoka wapi. Mstari umebaki, mwembamba, mweusi.

Tulirudi Sericho tukaziweka kalamu tano juu ya mkeka mbele ya warithi. Ya sita tulikuwa nayo mkononi. Tuliwaeleza yaliyotokea kama tulivyowaeleza nyinyi, pamoja na habari ya yule mwanafunzi na sala. Mkubwa aliinama akitazama mkeka. Mjane akanyoosha mkono.

"Hiyo nipe mimi, Maalim. Ubao huo ulikuwa na ufa tangu yuko hai. Alikuwa akiufunga kwa ukanda wa ngozi, akiandikia hivyo hivyo."

Aliigeuza geuza, akapitisha ukucha juu ya mstari.

"Inaandika?"

Tuliijaribu juu ya pakiti ya majani ya chai. Ikaandika. Akaifunga katika pembe ya leso, akamwambia binti yake wa kwanza ateleke maji, na yule mkubwa akaondoka kwenda kuleta maziwa.