Mzee wetu na vigari vya Jumatano

Kila Jumatano jioni mzee wetu, mwenye umri wa miaka 74, alikuwa akivaa koti lake zito, akivuta kofia ya sufi juu ya kofia yake ya viua, akichukua kisanduku cha bati chenye bisibisi, msasa na kichupa cha mafuta, kisha akienda kuendesha vigari. Wageni waliotukuta katika hali hiyo walidhani twafanya mzaha. Baadhi ya jamaa zetu hapa Uingereza walituuliza kwa upole iwapo mzee hajaanza kurudi utotoni. Tuliwaambia wangoje wamwone.

Mchezo wenyewe yafaa tuueleze, kwani wengi hawajauona. Juu ya meza pana ya mbao imechongwa barabara yenye kona na miinuko, na katika kila njia pamechimbwa mfuo mwembamba. Kandokando ya mfuo hupita tepe mbili za shaba zenye umeme mdogo, wa volti 12 hivi. Kigari, ambacho kwa vipimo ni mara 32 ndogo kuliko gari halisi, kina ulimi unaoingia ndani ya mfuo, na visuka viwili vya nyuzi za shaba vinavyogusa tepe ili kuchukua umeme na kuufikisha kwenye mota. Mchezaji hashiki usukani, bali ana kifyatulio mkononi. Akikibana, kigari hukimbia. Akikilegeza, hupunguza mwendo. Hakuna zaidi ya hapo, na anayedhani kuwa ni jambo jepesi na aingie kona ya kwanza kwa pupa, atakiokota kigari chake sakafuni. Fedha haiwekwi mezani. Mshindi huandikiwa alama, na mwisho wa mwaka hutolewa kikombe kisichozidi glasi ya chai.

Aliyeufanya mchezo huu ujulikane ni Mwingereza Fred Francis, mwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea. Kwanza alikuwa akiuza vigari vya springi, na mwaka 1957 akatoa vya umeme na kuviita Scalextric. Mwaka uliofuata kiwanda chake kilinunuliwa na kampuni ya Lines Bros, na waliokuwa watoto miaka ya 1960, wakilala kifudifudi juu ya zulia kutazama vigari vikizunguka, ndio wazee wanaovikusanya leo.

Mzee wetu hakuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa makanika Mombasa kwa zaidi ya miaka 40, na tulimleta huku baada ya mama kufariki. Kiingereza chake kilikuwa cha gereji: klachi, gasketi, spana namba 14. Majira ya baridi ya kwanza aliyamaliza kitini karibu na dirisha. Kijana wetu, aliyezaliwa huku, alikuwa akimwelewa babu yake lakini kumjibu kulimshinda, basi walikaa chumba kimoja kama abiria wanaongoja mabasi tofauti. Sisi tulikuwa kazini. Tuliporudi jioni na kumwuliza ameshindaje, alisema, "Salama," na hilo ndilo neno tuliloliogopa kuliko kama angelalamika.

Klabuni alifika kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Kijana alikuwa amealikwa na mwanafunzi mwenzake, nasi tukawapeleka wote wawili katika ukumbi ulioko nyuma ya duka la mbao. Mzee alisimama ukutani, mikono nyuma. Kigari kimoja kilikuwa kikirukaruka kila kikipita kwenye njia iliyonyooka, na mwenyewe alikuwa akikilaumu barabara nzima. Mzee alinyoosha mkono akaombe kwa ishara, akakigeuza, akazungusha gurudumu karibu na jicho, kisha akatikisa kichwa: tairi halikuwa duara. Alilisugua kwa msasa huku mota ikizunguka, kidogo kidogo, akipima kwa kidole. Kiliporudishwa mezani kilipita kimya. Jumatano iliyofuata watu watatu walimngoja mlangoni na visanduku vya viatu.

Kuna kanuni moja ya klabu ambayo ndiyo iliyomfunga mzee. Aliyemaliza kushindana haendi kukaa. Husimama kwenye kona katika mbio zinazofuata ili kuvirudisha njiani vigari vilivyoanguka, kikiwamo cha yule aliyemshinda sasa hivi, na hupaswa kufanya hivyo upesi kwa kuwa kila sekunde huhesabiwa. Mzee aliipenda kazi hii kuliko kushindana kwenyewe. Aliomba apewe kona ngumu kuliko zote, na akawa mlinzi wake.

Huko ndiko alikompatia rafiki yake. Alikuwa tarishi mstaafu wa posta, mjane kama yeye, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka na kigari chake kilikuwa kikianguka kwenye kona ya mzee mara nyingi mno hata tukashuku kuwa ni makusudi. Nyumbani kwake alikuwa na vigari zaidi ya 200. Wakaanza kuketi pamoja, na kama ilivyo desturi ya marafiki wa kweli, wakaanza kugombana. Kisa kilikuwa Lotus moja ya kijani ya miaka ya 1960, mota yake imekufa, ekseli zina kutu, na dereva wake hana kichwa. Tarishi alisema iachwe hivyo hivyo, maana ukibadilisha kitu umeharibu historia yake. Mzee alisema gari lisilotembea ni pambo la dukani. Ugomvi ulichukua wiki kadhaa, na mkalimani alikuwa kijana wetu, ambaye alilazimika kuja kutuuliza usiku "rust" ni nini kwa Kiswahili, na mtu asemaje kwamba kitu ni cha asili. Hatukuwahi kumfundisha Kiswahili kwa bidii kama walivyomfundisha wazee wawili waliokataa kukubaliana.

Siku moja mtu alileta Ford Escort. Mzee aliishika, akasema jina: Hannu Mikkola. Mwaka 1972, wakati Safari ilipokuwa bado ikipita nchi zetu za Afrika Mashariki, Escort ya Mikkola ilishinda, na yeye akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kulichukua taji hilo. Mzee alikuwa kijana wa gereji wakati huo. Akaeleza matope, akaeleza Joginder Singh aliyeshinda na Volvo mwaka 1965, na kijana akafasiri, akisita, akirudia. Mbio zilichelewa robo saa na hakuna aliyenung'unika.

Mwaka wa pili mzee alitwambia anarudi Mombasa. Hakuwa na ugonjwa wala kinyongo. Alitaka kuwa karibu na kaburi la mama. Tulikata tikiti. Jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba sasa aliyetutia wasiwasi alikuwa tarishi. Alikuja kwetu kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia safari, akala pilau, akasifu achari ya ndimu ingawa machozi yalimtoka. Kisha akatoa mfukoni ile Lotus. Alimwambia kijana amfasirie babu yake kwamba anaruhusiwa kuitengeneza, kwa sharti aitengenezee Mombasa, mbali na macho yake.

Mzee aliipakia katika mkoba wa mkononi, imeviringwa kwenye kikoi.

Sasa kona ngumu inasimamiwa na kijana wetu. Kila Jumatano tarishi humwuliza kama Lotus imeshatembea, na kila Alhamisi kijana humpigia babu yake simu kuuliza. Mzee husema spea hazipatikani Mombasa. Mwezi Machi tulimpelekea mota, ekseli mbili na kichwa cha dereva. Shangazi anatwambia Lotus iko kabatini nyuma ya kioo, na kutu yake.