Taa Nyekundu Kwenye Kona za Soni

Kama hujawahi kupanda mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, ngoja nikupe picha kidogo. Unatoka Dar alfajiri, unapita Bagamoyo na kutokea Msata, unavuka Wami kwa lile daraja jipya, Mkata, Kabuku, Segera, kisha mashamba ya mkonge ya Korogwe yaliyopangwa kama yamepigwa rula. Mpaka hapo ni safari ya kuendesha mkono mmoja huku mmefungulia muziki. Halafu unafika Mombo, joto linakaanga, mabasi ya Arusha yamemwaga abiria wanaogombea chipsi, na wewe unakata kulia. Zimebaki kilometa 33 tu. Lakini hizo 33, ndugu yangu, ni shughuli nyingine. Lami ni nzuri ila nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na kona zinafuatana hadi unasahau ulikuwa unaelekea wapi. Kila baada ya kona hewa inapoa. Ulianza na kiyoyozi, unamaliza na sweta.

Nane Nane ya mwaka 2025 iliangukia Ijumaa, kwa hiyo mimi na waifu tukasema hii ndiyo wikiendi ya kwenda ukweni. Tulioana Mei, gari tukalitoa bandarini Juni. Kigari chenyewe kidogo tu, cha cc 1500, kimetumika Japani, lakini kwetu kilikuwa kipya kabisa. Namba E inang'aa. Mkopo wake unakatwa kwenye mshahara wa waifu, si wangu, na hilo naomba ulikumbuke maana ndiko stori inakoelekea.

Siku tulipolitoa bandarini alinipa laki na nusu mkononi. "Baba, kamwage oili, weka na filta mpya, ndio tuanze kulitumia." Nikasema sawa. Jioni nikarudi nyumbani na kava za viti na spika mbili. Akazipenda sana. Akauliza, "Na oili?" Nikamjibu, "Tayari."

Usiniulize kwa nini. Nilijiambia gari jipya halina haraka, mshahara ukitoka nitafanya, hatajua. Mshahara ukatoka, ukaisha. Miezi miwili ikapita, foleni ya Mwenge kila asubuhi, foleni ya Mwenge kila jioni.

Sasa tupo mlimani, gia namba mbili, waifu ananionyesha wapi alikuwa anashuka na shangazi yake kununua mapeasi. Kwenye kona moja ya kushoto, kitaa chekundu kikawaka kwenye dashibodi. Kile chenye alama kama birika linalodondosha tone. Kikazima. Kona iliyofuata kikawaka tena, kikazima. Nikaongeza sauti ya redio, kama vile taa inasikia. Kona ya tatu hakikuzima.

"Hiyo ni nini?" 

"Kitu cha kawaida tu, mlima huo."

Alinyamaza hatua chache, kisha akasema taratibu, "Simamisha gari."

Nashukuru nilisimamisha. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba taa ile haikuambii oili imechafuka wala muda wa sevisi umefika. Inakuambia presha ya oili imeshuka, yaani vyuma vinasagana huko ndani bila ulainisho wa kutosha. Oili ikipungua sana kwenye sampo, ukipanda mlima au ukikata kona inaegemea upande mmoja, pampu inavuta hewa, taa inawaka. Ukirudi kwenye tambarare inazima, na wewe unajidanganya kwamba mambo shwari. Kitu cha kufanya ni kimoja tu: tafuta pa kusimama palipo salama, zima injini hapo hapo. Siyo "ngoja nifike mjini". Dakika chache zinatosha kuua injini.

Tulikuwa chini kidogo ya Soni, karibu na yale maporomoko. Maji yanamwagika yakipiga kelele, mandhari ya kupiga picha za harusi, na sisi tumekaa kwenye jiwe la barabarani kila mtu anaangalia upande wake. Nikafungua boneti, nikavuta stiki, nikaifuta, nikairudisha, nikaivuta tena. Nchani kulikuwa na alama nyeusi kidogo sana, nzito, kama uji wa ulezi uliolala.

"Si ulibadilisha juzi juzi?" 

Nikasema, "Sikubadilisha." Nikamweleza yote, spika, kava, laki na nusu. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Aliuliza swali moja tu, "Na vingine ulivyoniambia tayari?" Mpaka leo nikilikumbuka lile swali nasikia baridi kuliko ile ya Lushoto.

Nikasimamisha bodaboda, nikapanda hadi Soni. Nikarudi na fundi, kijana mpole, spana mfukoni, galoni ya lita nne mapajani. Alimimina kwanza lita moja, akapima, akaongeza nyingine ikasogea kwenye alama ya juu ya stiki. Akaniambia niwashe. Sekunde mbili tatu taa ikazima. Akainamisha kichwa, akasikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Hakuna mgongano. "Una bahati, kaka," akasema. Tukapanda polepole mpaka kwenye banda lake, akaegesha sehemu tambarare, akafungua nati ya chini. Kilichotoka sitaki kukielezea. Filta alikuwa nayo, maana za injini hizi ziko kila kona ya nchi.

Oili ikiwa inachuruzika akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kastika nilikokuwa nakaona kila siku bila kukajali, kamebandikwa kwenye nguzo ya mlango, maandishi ya Kijapani. Kuna tarehe, 5.3.18, na namba mbili, 61,350 na 66,350.

"Tarehe 5 mwezi wa tatu 2018," nikasema kijuaji.

Akacheka. Kumbe Wajapani wanaanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, na mwaka wenyewe wanauhesabu tangu mfalme wao wa sasa aanze, mwaka 2019 ukiwa wa kwanza. Kwa hiyo ile 5 ni mwaka 2023. Oili iliwekwa tarehe 18 Machi 2023, gari likiwa na kilometa 61,350, na ilitakiwa imwagwe kwenye 66,350. Dashibodi yangu siku hiyo inasoma 68,430. Majibu yote yalikuwa mlangoni, nayafungia kila asubuhi naenda kazini.

Fundi akasema kitu ambacho waifu alikiandika kwenye simu yake. Gari lililotoka Japani, oili yake ya kwanza ni siku ile ile unayolitoa bandarini, hata kama muuzaji ameapa. Hujui limekaa yadi muda gani, na oili inachoka hata gari likiwa limelala. Baada ya hapo fuata kitabu cha gari, lakini kwa kichwa cha hapa kwetu: foleni, vumbi, safari fupi fupi na milima vyote vinahesabika kama matumizi magumu, na vitabu vingi kwa matumizi hayo vinapunguza kilometa, mara nyingi hadi nusu.

Tulifika ukweni jua linazama. Baba mkwe ni dereva wa malori mstaafu. Shikamoo yangu ya kwanza kama mkwe niliitoa mikono ikiwa nyuma, maana kucha zote nyeusi. Aliniona. Akatembea hadi kwenye gari, akalizunguka, akagusa boneti.

"Zuri. Oili mmemwaga lini, mwanangu?"

Kabla sijafungua mdomo, waifu akajibu, "Leo hii, baba."

Mzee akafurahi kweli. Usiku, tumezunguka jiko la mkaa, bada na mboga tumboni, akanipa darasa lake: enzi zao lori jipya likitoka kwa muuzaji, ikifika kilometa elfu moja unamwaga oili yote, hata iwe inang'aa kama asali. Injini mpya, pete na kuta za silinda zinasuguana hadi zizoeane, na unga wa chuma unabaki kwenye oili. Sikumbishia, nani anambishia mkwe siku ya kwanza? Na kwa injini za wakati wake alikuwa sahihi. Ila za siku hizi zinachongwa kwa usahihi mkubwa zaidi. Ukinunua gari la kilometa sifuri leo, kwenye ile elfu moja mara nyingi utaitwa kwa ukaguzi tu, na oili ya kwanza kitabu chake kinaweza kukupa hadi 5,000 au 10,000, au miezi sita hadi mwaka, chochote kitakachotangulia. Kuna watengenezaji wanaoweka kiwandani oili yenye viungo maalumu vya kuzoesha injini, nao wanaomba kabisa usiimwage mapema. Kisome kitabu. Aina ya oili pia imo humo, zile 0W-20 na 5W-30. Usipangiwe na muuza duka.

Jumamosi tulikwenda Irente. Toka mjini ni karibu tu, unapita mashamba ya kabichi, halafu ardhi inakatika ghafla na unaona tambarare yote ya Mazinde kule chini, barabara kuu kama uzi. Tulikaa pale muda mrefu. Hatukuongelea gari. Tuliongelea vile vingine nilivyosema tayari, na vilikuwa viwili, na nilivitaja.

Jumapili asubuhi alinyoosha mkono, nikampa funguo bila kuulizwa. Kabla ya kuwasha alitoa kipande cha plasta nyeupe alichoomba kwa mama yake, akaandika kwa kalamu ya wino, akakibandika chini ya ile stika ya Kijapani: 8.8.2025, 68,430. Mstari wa pili, 73,000. Akaitazama, akaongeza neno moja pembeni, "Nitaangalia", akafunga mlango, tukaanza kushuka.